Meli za Kitalii na Msimu wa Vimbunga: Unanunua Nini Unapokata Tiketi ya Septemba?



Ndugu zetu, makala hii imetokana na swali la familia moja ya hapa Unguja. Kijana wao anaishi Florida, Marekani, mwaka wa kumi sasa. Amewaalika baba yake, mama yake na shangazi yake wakamtembelee, na katika ziara hiyo amepanga kuwapandisha meli ya kitalii kutoka Miami kwa siku saba. Watapita Puerto Plata, St. Thomas na St. Maarten, kisha watarudi Miami. Safari ni ya katikati ya Septemba. Bei aliyoipata ni karibu nusu ya ile ya Disemba, na hapo ndipo mzee alipoingiwa na wasiwasi. Alitujia baada ya Swalah ya Alasiri akasema, "Sheikh, kitu rahisi namna hii, kasoro yake iko wapi?"

Tukamuuliza na sisi maswali yetu. Tiketi za ndege zimetoka wapi? Akasema ni akiba ya miaka mitatu, yake na ya mkewe. Na mnatakiwa kurudi lini? Akasema siku tano baada ya meli kufika Miami kuna nikahi ya mjukuu wao hapa nyumbani, na yeye ndiye walii, kwani baba wa binti ameshafariki, Allaah Amrehemu. Basi tukaona kwamba swali la bei ni dogo. Swali kubwa ni je, meli hiyo ikichelewa siku mbili tatu, nani atalipia, na nani ataozesha?

Tuanze na bei. Bahari ya Karibi na upande wa magharibi wa Atlantiki una msimu wake wa vimbunga. Msimu huo huanza rasmi tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, kila msimu ulileta dhoruba 14 zilizofikia kupewa majina. Katika hizo, 7 zilikuwa vimbunga kamili, yaani upepo wake ulifika kilomita 119 kwa saa au zaidi, na 3 zilikuwa vimbunga vikubwa. Septemba vilevile watoto wa Marekani wamesharudi skuli, kwa hiyo wateja ni wachache. Khofu ya hali ya hewa pamoja na uchache wa wateja ndivyo vinavyoshusha bei. Hakuna udanganyifu hapo, na anayeijua kalenda ataisoma bei hiyo vizuri.

Chanzo cha vimbunga hivyo ni joto la bahari. Maji yakishapashwa na jua la miezi yao ya joto yakafika nyuzi 26 na nusu hivi au zaidi, hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu hukusanyika, na upepo huanza kuzunguka. Vingi huanzia kwenye mawimbi ya hewa yanayotoka Afrika Magharibi, yakavuka Atlantiki yote kabla ya kupata nguvu. Kimbunga huhitaji pia msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili kijikunje, na msukumo huo ni dhaifu sana karibu na ikweta. Ndiyo maana visiwa vyetu, vilivyo nyuzi 5 na 6 tu kusini ya ikweta, huviona kwa nadra.

Kwa nadra, si kwamba havifiki kabisa. Wazee wetu walirithishana habari za kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo vya Sayyid Barghash bandarini. Na juzi tu, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Sisi wenyewe tulikuwa Dar siku hizo, tiketi ya kurudi mfukoni. Tulilala kwa jamaa Kariakoo tukasubiri, na tiketi yetu tukaitumia baadaye bila ya tabu. Lakini ndugu mmoja tuliyekuwa naye alikuwa na ndege ya kuungia kutoka Unguja siku ya pili yake. Boti alikuja kuipata. Ndege ilikuwa imeshakwenda na fedha zake. Tunaomba msomaji akiweke kisa hiki akilini, kwani mambo ya Miami ni haya haya kwa ukubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye meli yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba khatari ya kwanza ni meli kukutwa na kimbunga katikati ya bahari. Kwa meli kubwa za siku hizi, hilo ndilo linalotokea kwa uchache kabisa. Kimbunga, pamoja na ukali wa upepo wake, chenyewe husogea polepole, mara nyingi baina ya kilomita 16 na 24 kwa saa. Meli kubwa ya kitalii hukata kilomita 37 hadi 40 kwa saa. Tena haiendi gizani. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, ambacho kipo huko huko Miami, hutoa taarifa kila baada ya saa 6 dhoruba inapokuwa hai, na huchora njia inayotarajiwa kwa siku 5 za mbele. Makampuni makubwa ya meli yana wataalamu wao wa hali ya hewa makao makuu. Wao na nahodha huzungumza siku nyingi kabla ya abiria kuona wingu.

Ramani ya kituo hicho, ambayo vijana hutumiana sana kwenye simu, ina umbo jembamba mwanzo na pana mwisho, mfano wa koni. Watu huisoma vibaya. Upana ule hauonyeshi ukubwa wa kimbunga. Unaonyesha pahala ambapo kitovu chake kinaweza kupita, na hata hivyo kitovu hutoka nje ya umbo hilo takriban mara moja katika kila mara tatu. Upepo, mvua na mawimbi hufika mbali zaidi ya mchoro. Kwa hiyo mtu akikwambia "bandari yetu haimo kwenye ramani," usimsikilize sana.

Nahodha akiona njia yake itakutana na njia ya kimbunga, hufanya jambo moja la kawaida: hubadilisha upande. Aliyekuwa aende mashariki, kwenye St. Thomas na St. Maarten, huelekea magharibi, Cozumel ya Mexico au visiwa vya Cayman. Kimbunga kikiwa magharibi, hufanya kinyume chake. Oktoba 2025, Kimbunga Melissa kilipoipiga Jamaica tarehe 28 kikiwa katika daraja la 5, ambalo ndilo la juu kabisa, meli zilizopangiwa upande ule zilielekezwa kwingine. Abiria alilala akiota kisiwa kimoja akaamkia kingine. Mara nyingine haamkii kisiwa chochote, anapewa siku nzima ya bahari na tangazo la kuombwa radhi.

Hata hivyo hatupendi mtu aelewe kwamba kukimbia kunatosha kila mara. Tarehe 1 Septemba 2019 Kimbunga Dorian kilizipiga nchi kavu za Abaco, kaskazini ya Bahamas, kwa upepo wa kilomita 295 kwa saa. Kisha kikafika juu ya Grand Bahama kikakaa. Kwa zaidi ya siku nzima karibu hakikusogea, na bandari za Florida zikawa zinangoja bila ya kujua zifungwe mpaka lini. Ratiba za meli huhesabiwa kwa saa, na kimbunga kisichoondoka huziharibu kuliko kinachopita mbio.

Na ipo habari ya Fantome, ambayo mabaharia wa Karibi hawajaisahau. Ilikuwa merikebu ya matanga ya milingoti minne, yenye urefu wa mita 86 hivi, ikichukua watalii. Oktoba 1998 ilikuwa kwenye ghuba ya Honduras wakati Kimbunga Mitch kilipoanza kukua. Nahodha aliipeleka Belize City, akateremsha abiria wote na baadhi ya wafanyakazi, wakarudishwa makwao kwa ndege. Kisha akatoka tena baharini na watu 30, wote wafanyakazi, kutafuta nafasi ya kukiepuka. Utabiri ulikuwa unakisogeza kimbunga upande mmoja. Chenyewe kikapinda kusini, kikawa kinamfuata kila anakokwenda. Alijificha nyuma ya kisiwa cha Roatán, kisha akakimbilia mashariki. Mawasiliano ya mwisho yalikuwa mchana wa tarehe 27 Oktoba. Baadaye vilipatikana vitu vichache tu vya meli vikielea, na watu wote 31 hawakuonekana tena. Fantome ilikuwa ndogo na ya polepole ikilinganishwa na meli za leo, na utabiri wa mwaka 1998 haukuwa na uhodari wa sasa. Lakini tangu hapo, msomaji akisikia nahodha amefuta kisiwa chake alichokitamani kwa sababu ya wingu lililo umbali wa siku mbili, asimwite mwoga.

Udhaifu mkubwa wa safari hizi uko kwenye bandari. Meli inaweza kukimbia, gati haliwezi. Marekani, anayeamua kufunga bandari ni Kikosi cha Walinzi wa Pwani, wala si kampuni ya meli. Kina daraja nne zenye majina ya alfabeti ya redio: Whiskey (mtuwie radhi, jina ni lao), X-Ray, Yankee na Zulu. Daraja ya kwanza hutangazwa pepo kali zinapotarajiwa ndani ya saa 72, ya pili saa 48. Ikifika Yankee, saa 24, meli haziruhusiwi tena kuingia. Zulu ni saa 12, na hapo hakiingii wala hakitoki chombo. Kwa hiyo kama meli yako inarudi Jumapili asubuhi na Zulu imetangazwa Jumamosi, wewe uko baharini, hata kama ulipo jua linawaka na bahari imetulia kama maji ya mtungi.

Kupita kwa kimbunga nako hakufungui bandari. Kwanza hupimwa kina cha mkondo wa kuingilia, kwani mchanga husogea na vyombo vilivyozama huziba njia. Maboya yaliyong'oka hurudishwa. Umeme hutafutwa. Wafanyakazi wa bandari nao wana nyumba zilizoezuliwa na watoto wa kuangaliwa, wakati mwingine tunalisahau hilo. Saa 12 za upepo huweza kuzaa siku nne za kusubiri.

Mfano ulio wazi ni wa Galveston, Texas. Kimbunga Harvey kilifika pwani ya Texas tarehe 25 Agosti 2017, kikabaki pale kikimwaga mvua kwa siku kadhaa. Sehemu moja ilipimwa zaidi ya milimita 1,500. Bandari ya Galveston ilifungwa wakati meli kadhaa zimo baharini na maelfu ya abiria waliotakiwa kushuka hapo. Carnival Freedom na Carnival Valor ziliingia New Orleans kuchukua mafuta na vyakula. Abiria walioruhusiwa kushuka walipaswa kujitafutia usafiri wao, na magari yao waliyaacha Galveston, umbali wa zaidi ya kilomita 500, katika jimbo lililojaa maji. Na huku nchi kavu wapo wale wa safari iliyofuata, waliokwisha kufika na masanduku yao wakiingojea meli hiyo hiyo. Meli moja ikichelewa, safari mbili huharibika. Ya kwanza hurefuka, ya pili hufupishwa au hufutwa. Mwaka 2024 Florida iliona hayo mara mbili ndani ya wiki mbili, Helene tarehe 26 Septemba na Milton tarehe 9 Oktoba. Bandari ya Tampa ilifungwa, na meli zake zikabaki nje.

Vipi kuhusu visiwa vyenyewe? Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa sababu na sisi ni watu wa visiwa. Septemba 2017 Kimbunga Irma kiliziharibu St. Maarten na St. Thomas, hivyo hivyo visiwa viwili vilivyomo katika ratiba ya mzee wetu. Wiki mbili baadaye kikaja Maria, kikaivunja Dominica, kisha Puerto Rico tarehe 20 Septemba. Meli zilikata vituo hivyo kwa wiki kadhaa; St. Thomas ilianza kuzipokea tena Novemba, na St. Maarten Disemba. Kwa abiria ni picha alizozikosa. Kwa dereva wa teksi wa pale, kwa mama anayeuza kofia gatini, ni mapato yote. Anayejua jinsi vijana wetu wa Malindi na Forodhani wanavyozisubiri meli za watalii zinapokuja ataelewa bila ya kuelezwa.

Ila meli hizo hizo ziligeuka kuwa za uokozi. Royal Caribbean ilifuta safari moja ya Adventure of the Seas, ikaipeleka San Juan, St. Thomas na St. Croix kushusha misaada, na ikaondoka na watu zaidi ya 3,000 kuwapeleka Fort Lauderdale. Baada ya Dorian, meli ya Grand Celebration ilibeba zaidi ya watu 1,400 kutoka Freeport hadi Florida. Wapo abiria waliolalamika kwamba likizo zao zimefutwa kwa ajili hiyo. Sisi hatuoni malalamiko hayo yana uzito wowote, maadamu fedha zao walirejeshewa.

Na tuje kwenye fedha, maana ndipo mzee alipotutazama vizuri. Mkataba wa tiketi ya meli hizi ni mrefu, umeandikwa kwa herufi ndogo, na vijana wengi huukubali kwa kubonyeza tu. Kiini chake ni kwamba kampuni inaruhusiwa kubadilisha bandari, kuruka bandari, kuwahi au kuchelewa kurudi, kwa sababu ya hali ya hewa, bila ya kulazimika kukulipa fidia. Kilichouzwa ni nafasi melini kwa siku hizo, malazi na chakula. St. Thomas haikuuzwa, ilitajwa tu. Bandari ikirukwa, kwa kawaida hurejeshewa kodi na ada za bandari hiyo, ambazo si nyingi, na mara nyingi huwekwa kama salio la kutumia humo humo melini. Matembezi ya kisiwani uliyoyalipia kwa kampuni ya meli hurudishwa. Uliyoyalipia mwenyewe kwa mtu wa pale, hiyo ni kati yako na yeye. Kampuni ikiifuta safari nzima hurejesha nauli yote, au hukupa nafasi ya safari nyingine. Wewe ukighairi kwa khofu, kabla wao hawajafuta, adhabu ni yako, na huongezeka kadiri siku zinavyokaribia.

Je, sharti kama hilo ni dhulma? Anayeweka mkataba huku sharti liko wazi mbele yake amelikubali, na nahodha anayeikwepa dhoruba analinda roho za watu, jambo ambalo hata bila ya sharti lilikuwa ni wajibu wake. Lawama yetu iko kwa wakala anayeuza safari ya Septemba kwa kutaja majina ya visiwa tu na kulinyamazia hili. Huko ni kuficha aibu ya bidhaa.

Jambo ambalo mkataba wa meli hauligusi kabisa ni ndege. Kama tiketi ya ndege umeinunua mbali, kampuni ya meli haina habari nayo. Kutoka hapa hadi Miami kupitia Doha au Istanbul, ndege inayokupita si kitu cha kubadilisha kwa simu moja na shukurani. Ni kweli kwamba mashirika ya ndege huruhusu kubadilisha tarehe bila ya ada pale kimbunga kinapoutishia uwanja wanaoutaja. Lakini fikiria meli imefungiwa nje kwa sababu ya bandari na uwanja wa Miami unafanya kazi kama kawaida: ndege itaruka kwa saa yake, nawe utakuwa unaiangalia juu ukiwa baharini. Huyu ndiye yule ndugu yetu wa Hidaya.

La visa nalo tumeliona halisemwi. Meli hizi nyingi zina bendera za Bahamas, Panama na nchi kama hizo. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1886, meli ya kigeni haichukui tu abiria kutoka bandari ya Marekani na kuwashusha nyingine. Na safari ya kutoka na kurudi pale pale lazima ipitie bandari ya nje. Ndiyo maana kimbunga kikiziba njia, meli hutafuta haraka nchi nyingine yoyote iliyo salama. Mwenye pasi ya Marekani hajali. Mwenye pasi ya Tanzania ana mambo mawili. Kwanza, ameshatoka Marekani, na kurudi Miami ni kuingia upya, kwa hiyo visa yake iwe ni ya kuingia zaidi ya mara moja; hili ahakikishe kabla ya kulipa hata arubuni. Pili, kituo kipya huenda kikawa ni nchi ambayo hana ruhusa ya kuteremka, akabaki melini siku hiyo akiwaangalia wenzake. Kijana aliyechukua uraia wa kule anaweza asilikumbuke hili kwa wazazi wake.

Bima ya safari hutajwa sana kuwa ndiyo dawa. Ina sharti lake: lazima uikate kabla ya dhoruba kupewa jina. Jina likishatangazwa, tukio hilo huhesabiwa kuwa linajulikana, na bima mpya hailigusi. Kisheria, bima ya biashara ilikatazwa na Baraza la Fiqh la Kimataifa lililopo Jeddah katika uamuzi wake wa mwaka 1985, na likaruhusu ile ya ushirikiano, ambayo wengi huijua kwa jina la takaful. Anayepata ya namna hiyo aichukue. Asiyeipata, akiba yake ya kweli ni siku za ziada kwenye kalenda na fedha kidogo ya hoteli iliyotengwa.

Kwa upande wa Swalah, aliyemo melini ni msafiri, anafupisha na anaweza kujumuisha. Meli ikizuiliwa nje na kila siku wakaambiwa "huenda kesho," kwa madhehebu yetu ya Shafi'i anaendelea kufupisha mpaka siku 18. Bahari ikichafuka hata akakhofia kuanguka au kizunguzungu kikamzidi, ataswali kwa kukaa. Na Qibla: sisi tumezoea kuelekea kaskazini, lakini kule Miami ni kaskazini-mashariki. Meli inapobadilisha njia usiku, sijda ya Alfajiri haitokuwa tena upande ule wa kitanda ulioswalia Isha. Aangalie upya kila mara, na meli ikigeuka naye yumo ndani ya fardhi, ageuke.

Tukamjibu mzee hivi. Kupanda meli Septemba si haramu wala si wazimu. Watu wengi hupanda na wakarudi bila ya kuona zaidi ya mvua. Lakini siku tano baina ya meli na nikahi, ukitoa siku mbili za ndege, ni siku tatu tu, na tumeona Galveston na Florida siku hizo zinavyoliwa. Ama nikahi itangulie, ama ampe mtu wakala wa kuozesha kabla ya kuondoka, ama meli isogee. Na safari yoyote wakayoichagua, wafike Miami siku mbili kabla ya meli, na ndege ya kurudi isiwe siku ile ile wanayoshuka.

Alimpigia kijana usiku ule ule. Kwa bahati alikuwa bado hajafikia tarehe ya malipo ya mwisho, kwa hiyo ameisogeza safari hadi Februari. Bei imepanda na tofauti analipa yeye. Wakala wa nikahi hautohitajika. Shangazi ameleta swali lake, la nyama inayopikwa melini, na hilo tutalijibu peke yake, in shaa Allaah.

Wa-Allaahu A'lam.